Bi Rula, Aliyetugeuza Vichaka na Mawe

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliosimama kwa kuwa viti vimekwisha, familia imemweka mdogo wake marehemu kusoma historia hii, si kwa sababu anasoma vizuri kuliko wengine, maana amekuwa wakala wa mashine za kushonea kwa miaka mingi na hata salamu zake za asubuhi husikika kama tangazo la kupunguza bei, bali kwa sababu marehemu mwenyewe alimwagiza akiwa kitandani, akamwambia asome polepole, asitie chumvi, na lile jambo la mtoni alitaje kama lilivyokuwa. Kwa hiyo mkimwona amesita mahali, mvumilieni, hajapoteza ukurasa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha treni, akiwa mtoto wa kwanza wa karani wa mizigo wa kituo hicho na mke wake, fundi cherehani. Mtoto wa pili hakukaa, alifariki akiwa mchanga, na wa tatu ndiye huyu anayewasomea, aliyekuja miaka minane baada ya dada yake, wakati ambapo, kwa maneno ya marehemu, nyumba ilikuwa imeshazoea utulivu. Aliyembeba mgongoni ni marehemu, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu ni marehemu, na aliyemchapa kwa kuchora treni kwenye ukuta wa sebule ni marehemu vilevile, ingawa alipomaliza kumchapa alichukua mkaa akayarekebisha magurudumu ya ile treni, kwa sababu hayakuwa duara.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, katika shule iliyopakana na kiwanda cha magunia, akamaliza mwaka 1971. Huko ndiko tabia yake ilikojulikana mapema. Mwalimu wa jiografia aliwaambia wanafunzi wachore ramani ya uwanja wa shule, wengine wakachora mstatili na mti, yeye akachora madarasa, vyoo, bomba la maji, na tundu la uzio wa nyuma ambalo wanafunzi wote walilitumia kutoroka, likiwa mahali pake na kwa kipimo sahihi. Tundu likazibwa juma lile lile, na darasa zima likamnunia muhula mzima. Alipoulizwa na mama yake kwa nini amewachongea wenzake, alijibu kwa mshangao wa kweli, "Lakini mama, lilikuwepo."

Alisoma sekondari kuanzia 1972 hadi 1975, kisha akajiunga na chuo cha upimaji, akahitimu Novemba 1978 na cheti cha uchoraji wa ramani, na tarehe 2 Januari 1979 akaajiriwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi, ghorofa ya pili, kwenye chumba kile chenye meza ndefu zilizoinama, viti virefu visivyo na mgongo, na mashine ya kunakili iliyonuka amonia hadi wageni walitoa machozi kabla hawajasema shida zao. Wenzake walimpa jina la Bi Rula, kwa kuwa aliweza kukutazama ukiingia mlangoni akakwambia bega lako la kushoto liko chini, na ukienda kujitazama kwenye kioo, liko chini kweli. Alikaa ofisi hiyo hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2013, na wenzake wamekuja leo, wamekaa upande ule, wote mabega yamenyooka.

Tarehe 10 Desemba 1983 alifunga ndoa na mwoka mikate, ambaye duka lake lilikuwa chini ya ofisi hiyo hiyo, mtu mpole, mpana, aliyemchumbia kwa kupandisha mkate wa moto kila siku mchana hadi mkuu wa ofisi akalalamika kwamba ramani mbili za mipaka zimerudishwa zikiwa na alama za vidole vya unga. Walijaliwa watoto wawili. Binti yao, ambaye sasa ni mkunga na ndiye aliyemuuguza mama yake hadi mwisho, alizaliwa tarehe 22 Mei 1985. Mtoto wao wa kiume alizaliwa tarehe 3 Februari 1989, akapewa jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo sote tulimwita Babu, na jina likamkaa vizuri kuliko tulivyotarajia, maana tangu alipojua kutembea alitembea mikono nyuma kama mzee anayekagua shamba, na alikuwa mtoto mtiifu kiasi cha kututia aibu sisi watu wazima.

Sasa historia hii inafika kwenye kazi ambayo wengi wenu mmeipachika kwenye kuta zenu. Marehemu alikuwa na kamera, aliyoinunua mwaka 1984 kwa mpiga picha aliyekuwa anafunga studio, na kila likizo mwoka mikate aliifagia gari yake ya mikate, watoto wakapanda, mdogo mtu naye akajipenyeza akiwa na begi lake la sampuli, na safari ikaanza, kwenye milima, kwenye maporomoko, kwenye nyika ambako hapakuwa na kitu ila upepo na sisi tukinuka mkate. Mwaka 1991 akaanza kuzigeuza picha hizo kuwa michoro mikubwa. Alishona pamoja mifuko mitupu ya unga, akaivuta kwenye fremu ya mbao, akaipaka gundi na rangi nyeupe hadi ikakauka ngumu kama ngoma, kisha akaweka kipande cha kioo chenye miraba juu ya picha ndogo ya safari, akachora miraba mikubwa kwenye kitambaa, na akahamisha mlima mraba kwa mraba, mara nyingine picha ikiwa imepinduliwa kichwa chini, ili mkono, alisema, uchore kinachoonekana na usichore kinachojulikana.

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikuwa sisi. Marehemu alitaka mandhari peke yake, bila watu, na hapakuwa na picha hata moja ambayo hatukuingia. Kila aliposhika kamera alisema, "Sogea kidogo, unaziba mlima," na hakuna aliyesogea. Mwoka mikate alijibu kwamba mlima ni mkubwa, utajitokeza wenyewe. Binti alisema amechoka. Mdogo mtu ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote, akisikia sogea alikuwa anasogea kuelekea kamera, anashika kiuno, anatoa tumbo, anasema, "Piga, dada, mlima utafika baadaye." Basi marehemu alipiga, na akaja kulipiza kwenye chumba cha kuchorea. Mwoka mikate akageuzwa jiwe kubwa la mviringo. Binti akawa mche mwembamba. Mdogo mtu, kila safari, mahali popote, akawa kichaka, na ndiyo maana hadi leo shemeji yake anamwita Kichaka mbele ya watu. Lakini marehemu hakuweza kuchora uongo mzima, tabia ile ya tundu la uzio haikumwacha, kwa hiyo vivuli vyetu alivichora kama vilivyokuwa. Mwenye mchoro wake nyumbani akaangalie leo: jiwe lina kivuli cha mtu mwenye kofia, na kichaka kina kivuli cha mpuuzi aliyeshika kiuno. Siku moja Kichaka mwenyewe, akiwa safarini katika mji wa mbali, aliumwa jino, akaingia kwa daktari, akaukuta mchoro wa dada yake ukutani kwenye chumba cha kusubiri, akafurahi akamwambia mama aliyekaa karibu naye, "Kile kichaka pale ni mimi." Yule mama alihama kiti.

Tarehe 19 Agosti 2000 familia ilikuwa likizoni, bila mdogo mtu, ambaye siku hiyo alikuwa mji mwingine akiuza mashine. Wengi wenu mlikuja kwenye msiba ule, na mliambiwa kwamba Babu aliteleza mtoni. Ni kweli aliteleza. Marehemu alitaka leo mwambiwe na kilichotangulia.

Gari lilipata pancha karibu na mto wenye maji ya kijani na mawe bapa, mwoka mikate akaingia chini ya gari kufungua gurudumu, akamwahidi mtoto kwamba akimaliza watashuka pamoja kunawa, binti akabaki amelala ndani ya gari, na marehemu akateremka na kamera yake, Babu akamfuata. Mtoto alisimama kwenye jiwe ukingoni, mikono nyuma, anautazama mto kama anayefikiria kuununua. Marehemu alipiga picha moja. Kisha akasema lile neno lake, kwa sauti ile ile aliyotuambia sisi miaka yote, "Sogea kidogo, Babu, unaziba mto." Mtoto akauliza, "Hapa, mama?" Akamjibu, "Kidogo tena." Babu akasogea. Katika familia nzima, ndiye pekee aliyewahi kusogea. Jiwe la pili lilikuwa na ukoga, na marehemu alikuwa ameweka jicho kwenye kamera, akaona mto mbele yake umekuwa wazi, hauna mtu, kama alivyoutaka siku zote, na kabla moyo haujauliza mtoto yuko wapi, kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

Alipatikana kesho yake, chini ya mkondo, na akazikwa tarehe 22 Agosti 2000. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Filamu ile ilisafishwa, na picha zote mbili zilitoka vizuri. Ya kwanza ina mtoto. Ya pili haina mtu, mwanga umekaa sawa, maji yanang'aa, na marehemu alisema ndiyo picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, akaiweka kifudifudi kwenye droo, na kamera hakuigusa tena. Watu walipokuja kumpa pole, wakisema ni ajali, maji hayana huruma, alikuwa anaitikia ndiyo, ameteleza, na kila alipoitikia alijiona anachora ramani bila tundu. Mwaka uliofuata alimweleza mumewe, jikoni, wakiwa wamesimama. Mwoka mikate alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Na mimi nilikuwa chini ya gari," akafungua bomba akanawa mikono ambayo haikuwa michafu. Baada ya hapo waliishi vizuri, hawakugombana, waliongea habari za unga, za kodi ya duka, za shule ya binti, na kila mmoja alikula lawama yake kwenye sahani yake, bila kumwonjesha mwenzake.

Alichora tena, kutoka kwenye albamu za zamani, na vichaka na mawe vikaendelea kuuzwa. Lakini mwaka 2001 alianza mchoro wa picha ile ya kwanza. Alihamisha mraba kwa mraba, ng'ambo ya mto, mawe bapa, maji, kivuli cha mtoto kwenye mawe kikiwa na mikono nyuma, kila kitu kikakaa mahali pake, isipokuwa pale aliposimama Babu mwenyewe. Alijaribu kumfanya jiwe, akafuta kwa tapentaini. Alijaribu mti mchanga, akafuta. Alijaribu ndege mwenye miguu mirefu, akakaa naye juma zima, akafuta hadi mfuko wa unga ukaanza kuonyesha nyuzi zake. Pakabaki peupe, urefu wa mtoto, katikati ya mto. Akaugeuza mchoro uso ukutani, na kila Agosti aliugeuza akautazama, akachovya brashi, akairudisha mkebeni. Na neno lile hakulisema tena. Mtu akisimama mbele ya televisheni, marehemu alibeba kiti chake akahama yeye. Mdogo mtu, ambaye aliwahi kufanya makusudi kuziba dirisha, runinga na hata mlango ili tu alisikie tena, aliishia kuangaliwa kwa upole uliouma kuliko kofi.

Novemba 2018 alianza kuumwa tumbo na mgongo, akapungua hadi pete ikahamia kidole gumba, na vipimo vya Januari 2019 vikaonyesha saratani ya kongosho, iliyokuwa imeshasambaa. Daktari alimwambia ukweli, kwa sababu alimwomba amwambie kwa kipimo sahihi. Tangu hapo aliuguziwa nyumbani, na kilichomkosesha usingizi, alimwambia binti yake, hakikuwa kufa, kilikuwa kuacha pale mahali peupe, maana watakaobaki wataona kama mama huyu hakujua la kumfanyia mwanawe.

Mwezi Aprili mwoka mikate aliamua kuipa wodi ya saratani michoro iliyobaki nyumbani, akaifunga yote kwa shuka, na katika kufunga akauchukua, bila kuangalia, na ule uliotazama ukuta, akaipeleka kwa fundi wa fremu, yule aliyemfanyia marehemu kazi tangu mwanzo. Fundi aliitia fremu, na alipofika kwenye huo mmoja akaona rangi imebanduka katikati, na kwa heshima aliyonayo kwa marehemu, na kwa huruma kwamba ni mgonjwa, akasema moyoni hawezi kumrudishia mama wa watu kazi yenye kovu. Akachukua rangi ya buluu iliyobaki alipopaka milango ya duka lake, akapachora maji.

Alileta mwenyewe, akafungua shuka mbele ya kitanda, anatabasamu. Binti alishika mdomo. Mwoka mikate aliegemea ukuta kama gunia. Fundi alipoona nyuso zimeshuka akaanza kujieleza, "Mama, nilikuta pamebanduka, nikaona nikusitiri," akaanza kukunja shuka, kwa sababu hata asiyejua alihisi kwamba ndani ya chumba kile mtoto amezama mara ya pili. Marehemu aliyaangalia maji yale kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kisha akasema, "Fundi, maji haya umeyachota kwenye ndoo ya kufulia?"

Hakuna aliyecheka, wala yeye. Aliomba mito miwili mgongoni, akaomba brashi. Mkono ule ulioshindwa miaka yote kuweka kitu pale, sasa ulikuta pana kitu kibaya, na Bi Rula hajawahi kuweza kuacha kitu kibaya kikakaa kibaya. Alianza kurekebisha maji ya fundi kidogo kidogo, binti akimshikia ubao wa rangi, mwoka mikate akimshikia kiwiko pale nguvu zilipokata, buluu ya milango ikageuka kijani, kijani ikapauka pale maji yalipopita juu ya mawe, povu likaingia, na alasiri moja mwezi Mei akarudisha brashi mkebeni na pakawa hapana mahali peupe tena. Mto ulipita wote. Kwenye mawe kivuli kimebaki, mikono nyuma, na juu yake hakuna mtu, hakuna jiwe, hakuna mche. Binti akamuuliza, "Mama, Babu umemgeuza nini?" Akajibu, "Ninyi niliwageuza kwa sababu mlikataa kusogea. Yeye alisogea." Mwoka mikate ndipo alipokaa kitandani, akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2000, na marehemu akampangusa uso kwa kitambaa kilichokuwa na rangi, hadi mzee wa watu akawa na shavu la kijani. Siku hiyo hiyo marehemu alimpigia simu mdogo wake, akampa agizo mlilolisikia mwanzoni.

Tarehe 7 Juni 2019 alizidiwa, akalazwa hospitali, ghorofa ya tatu, kitanda cha karibu na dirisha. Tarehe 9 Juni, mchana, mdogo wake alifika kutoka safarini na begi bado mkononi, akasimama upande wa dirisha, na kwa woga akaanza kuropoka kama kawaida yake, habari za mteja mmoja aliyerudisha mashine akidai inamshonea ndoto mbaya. Marehemu alifumbua macho, akamtazama, akasema kwa sauti ndogo, "Sogea kidogo, Kichaka, unaziba." Nje ya dirisha lile hapakuwa na mlima. Palikuwa na ukuta, tangi la maji, na kipande cha anga. Mdogo mtu akasogea. Miaka hamsini na mitatu ya ubishi, akasogea hatua nzima, mgongo ukagusa kabati. Dada yake alitazama pale alipotaka kutazama, binti na mwoka mikate wakiwa wamemshika mikono, na saa tisa alasiri akakata roho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, waliomtibu na pia wakamvumilia alipokuwa anawaonyesha kwamba chati zao zimepinda. Tunawashukuru majirani, mlioleta viti, maji na mabega yenu, na wafanyakazi wenzake wa ofisi ya upimaji, mliopima kaburi hili wenyewe, na likanyooka. Tunamshukuru fundi wa fremu, aliyesimama kule nyuma kabisa karibu na lango na ambaye tangu jana hataki kutazamana na mtu: fundi, njoo mbele, marehemu alisema bila ndoo yako asingemaliza. Ameacha mume, binti, wajukuu wawili na mdogo mmoja.

Mchoro wa mto uko pale kando ya jeneza. Mkipita kumuaga, wengi mtatazama maji, kwa kuwa ni mazuri, lakini tazameni na chini, kwenye mawe, mumwone aliyesimama hapo. Na mkishamwona, familia inawaomba jambo moja, msirundikane, piteni upande, pande zote mbili, muache nafasi katikati.

Tumesogea, dada. Sote, hata mimi. Hakuna anayeziba. Pumzika kwa amani.